Jinsi Panzi Alivyomkwamua Mama Mkwe Tumboni mwa Malkia

Tulieni, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza. Zimeni redio, na huo mlango uwekeeni jiwe usigongegonge, kwa maana ninalotaka kuwasimulia si jambo la kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine wamesimulia vita vya majemadari na kuanguka kwa ngome. Waacheni na ngome zao. Mimi nasimulia asubuhi ile ya Jumamosi, uani kwa Mwalimu Mkuu mstaafu, magari mawili yalipokabiliana boneti kwa boneti, moja la fahari na moja la taabu, naye mama wa watu na heshima zake akawa katikati. Ee ulimi wangu, nishike mkono, usiniangushe leo mbele ya wageni.

Mwalimu Mkuu yule alikuwa mama wa mabinti wawili, na mabinti wale wakaolewa na wanaume wawili, nao wanaume wale wakawa mtu na mwanyumba wake. Mkubwa aliolewa na daktari wa meno, Mng'oa Magego, mwenye mikono laini na sauti ya kubembeleza, ambaye majitu yenye misuli na ndevu humjia yakitamba na kumtoka yakilia. Mdogo aliolewa na Seremala, Bwana wa Randa, Mpiga Misumari Asiyekosa Kichwa. Huyu ndiye shujaa wetu, ijapokuwa siku ile ushujaa ulichelewa kidogo kumfikia.

Daktari alikuwa na gari la spoti la zamani, jekundu, lililozaliwa kabla ya yeye mwenyewe kuzaliwa, naye alilipa jina la Malkia. Ewe Malkia, mwenye boneti ndefu na milango miwili, mwenye viti vya ngozi na paa la kukunja! Alikuwa mfupi kiasi kwamba paka wa mtaani hawakupita chini yake, walimruka. Buti lake lilitosha mkate mmoja, na mkate wenyewe uwe mdogo. Lakini alipopita barabarani akinguruma, wenye maduka walitoka nje, na mpaka mwenye haraka zake alisimama kumtazama.

Seremala naye alikuwa na Panzi. Panzi alikuwa kigari cha kupandia milima, cha kijani kilichochujuka, cha pembepembe, kirefu kwenda juu kuliko kwenda mbele, magurudumu yote manne yakivuta, na tairi la spea limetundikwa mgongoni. Jina lake alilipata kwa tabia: klachi yake ilikuwa ya kisirani, ukiiachia kwa pupa anaruka na wewe ndani. Malkia akipita watu walisimama. Panzi akipita watu walisogea. Malkia alichukia matuta, tope na changarawe. Panzi alichukia lami, maana kwenye lami alitetemeka mpaka meno ya abiria yakagongana, na Daktari hakuacha kulisema hilo kila walipokutana mezani: "Mwanyumba, endelea kuliendesha hilo dude. Mimi napata wagonjwa."

Watu walicheka, Seremala naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha kutoka mdomoni tu.

Sasa sikieni kilicholeta vita. Mwalimu Mkuu alikuwa na mtoto wa jicho, na siku ya operesheni ilikuwa imekaribia. Ilimpasa kukaa kwa binti yake mmoja na kupelekwa kliniki kila asubuhi mpaka jicho litulie. Na tangu mdogo aolewe, mama hakuwahi kulala kwake hata usiku mmoja. Kila akiugua, kila akichoka, alikwenda kwa dada mtu. Mke wa Seremala hakulalamika. Lakini chumba cha nyuma alikuwa amekipaka rangi, akatundika mapazia, akatafuta na mto mgumu kama apendavyo mama yake, na kila alipokifagia alitoka macho mekundu akisema ni vumbi. Seremala alijua si vumbi. Lilimuuma sana, akaapa moyoni kwamba safari hii, iwe isiwe, mama atalala kwao.

Mwalimu Mkuu alitoa hukumu yake sebuleni kwake, mbele ya mabinti na wakwe, ameketi kwenye kochi lake kubwa. Alikuwa mwanamke wa umbo timilifu. Akikaa kwenye kiti, kiti kinajua kimekaliwa.

"Wanangu," alisema, "nyumba zenu zote nzuri, sina la kusema. Shida yangu ni magari yenu. Moja liko chini kama mkeka, jingine liko juu kama dari. Basi sikilizeni. Nitakaa kwa yule ambaye gari lake naweza kuingia na kutoka nikiwa na heshima zangu. Na mkwe hanishiki! Hanishiki mkono, hanishiki kiwiko, na wala asithubutu kunisukuma kwa nyuma. Sikulikubali hilo nikiwa na macho mawili, sitalikubali leo. Jumamosi asubuhi, uani kwangu. Nitasahihisha mwenyewe."

Aliposema atasahihisha, mabinti walitazamana. Katika miaka yake yote ya ualimu, hakuna kiumbe aliyewahi kupata kumi kwa kumi kutoka mkononi mwake, hata hao aliowazaa.

Seremala akarudi karakanani kwake kama jemadari anayeingia ghalani kuchagua silaha. Aliitazama mbao hii akaiweka, akaipigapiga ile akaisikiliza. Alikusudia kutengeneza kingazi cha kukanyagia, chenye vidato viwili, imara, cha kumpandisha mama mpaka mlangoni mwa Panzi. Tatizo lilikuwa vipimo. Ni mkwe gani aliyelelewa akalelewa atakayemwendea mama mkwe wake na futi mkononi na kumwuliza, "Mama, mguu wako unanyanyuka mpaka wapi?" Alimwuliza mkewe badala yake, na mkewe akacheka mpaka akakaa chini. Mwishowe alipima kidato cha mlango wa jikoni kwa mama, ambacho yeye alikipanda kila siku bila kunung'unika. Hapo alitumia akili.

Akapasua, akapiga randa, akachonga tundu na ndimi, akagonga, akapiga msasa. Kingazi kikasimama, na tembo angekipanda. Mtu mwingine angeishia hapo akaenda kulala. Lakini fundi ni fundi. Hawezi kutoa kazi kavu kavu. Ijumaa jioni, mawingu yametanda na manyunyu yameanza, Seremala akafungua kopo la vanishi akakipaka. Akakitazama, akaona bado hakijang'aa kwa hadhi ya mama, akakipaka tena.

Ole wake! Laiti angemwuliza hata mpita njia kuhusu unyevu wa hewa.

Asubuhi ikapambazuka. Uani palijaa. Jirani wa kushoto alikuja na kiti chake mwenyewe, jirani wa kulia akachungulia juu ya ukuta akijifanya anaanika nguo. Malkia alisimama upande huu, amepanguswa mpaka anajiona. Panzi alisimama upande ule, tope la juzi bado liko magurudumuni. Daktari akapanda kwenye jiwe la kufulia akahutubia:

"Mama, na nyote mliohudhuria! Mimi sitasema mengi, kwa sababu Malkia anajisemea. Ni gari gani hapa linalomnyenyekea mama? Langu! Lenyewe limeshainama. Mtu halipandi, mtu anakaribishwa. Gari la mwenzangu, kwa heshima zote, linataka mama awe na mbawa!"

Wakashangilia. Seremala hakuwa mtu wa maneno, lakini alipomwona mkewe amesimama barazani, mikono imeshikana kifuani, maneno yakamtoka yenyewe:

"Mama, ni kweli gari langu ni la juu. Lakini mtu mzima hawekwi chini kama ndoo! Mtu mzima anakaa juu, anaona mbele na nyuma, na vumbi anawaachia wengine. Njia ya kupanda nimeileta, nimeichonga kwa mikono yangu. Karibu, mama."

"Wadogo ndio huanza mtihani," alisema Mwalimu Mkuu, akakiendea kingazi.

Akaweka mguu wa kulia kwenye kidato cha kwanza. Akaweka wa kushoto. Kingazi hakikulia hata kidogo, na kifua cha Seremala kikajaa. Mama akashika mlango, akataka kunyanyua mguu aweke kidato cha pili, na sandali ikagoma. Akavuta. Sandali ikakaa. Akavuta kwa nguvu za kiualimu, na hapo, mbele ya majirani wa kushoto na wa kulia, mguu ukachomoka mtupu, mama akayumba, akaning'inia kwenye mlango wa Panzi kwa mikono miwili, na mabinti wakamdaka wakamshusha. Sandali ilibaki pale pale, imeganda kwenye vanishi mbichi.

Mwalimu Mkuu akaitazama sandali yake. Akamtazama mkwe wake.

"Mbili," alisema. "Moja ya nia, na moja ya mbao."

Binti mkubwa alimletea ndara za ndani, akavaa, akaelekea kwa Malkia. Daktari akafungua mlango akainama. Mama akageuka, akajikalisha, akateremka, akazidi kuteremka, kiti cha ngozi kikampokea kikapumua, na kichwa chake kikawa usawa wa kiuno cha watu.

"Tisa!" alisema, na uwanja ukalipuka kwa vifijo, kwa sababu tisa ya Mwalimu Mkuu ni kama ng'ombe mzima kwa wengine.

Daktari akamzungusha mpaka kona ya mtaa na kurudi. Malkia alinguruma, upepo ukapita, mama akaonekana akitabasamu kwa jicho lake zima. Walipoingia tena uani akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Mwendo pia tisa. Haya, nimemaliza. Mwanangu mdogo, usinune, nyumba yako naijua ni nzuri. Nitakaa kwa dada yako."

Mke wa Seremala akasema, "Sawa, mama," akageuza uso ukutani. Seremala aliona mabega yake yakitetemeka. Akatamani ardhi ipasuke immeze yeye, kingazi na lile kopo la vanishi. Alijiona mpumbavu kuliko wapumbavu wote waliowahi kushika brashi.

"Nifungulieni basi nishuke," alisema mama.

Mlango ukafunguliwa. Mama akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akavuta pumzi, akajinyanyua. Hakunyanyuka. Akajisukuma kwa mikono, kiti kikabonyea, kikamrudisha. Akahesabu moja, mbili, tatu, akajirusha mbele, na mwili wote ukaja isipokuwa ile sehemu yenye kuamua. Mabinti wakaja, mmoja huku na mmoja kule, wakavuta, na Malkia mwenyewe akainuka kidogo upande mmoja pamoja na mama yao.

"Niacheni!" alifoka. "Mimi si muhogo!"

Jirani wa kulia aliacha kuanika kabisa. Binti mkubwa akamgeukia mumewe akiwa ameshika kiuno. "Wewe umeng'oa magego ya mji mzima. Leo mama amekushinda?"

"Gego unalipiga ganzi," alisema Daktari, jasho likimtiririka. "Na gego unaruhusiwa kulishika!"

Hapo ndipo, enyi mnaonisikiliza, saa ya Seremala ilipogonga. Wakati wote wanatazama mlango wa Malkia, yeye alikuwa akitazama mgongo wa Panzi, pale tairi la spea lilipotundikwa. Akamwendea mkewe akamwambia polepole, "Niletee shuka. Lile zito. Na ufute machozi, kazi ipo."

Akapanda kwenye Panzi, akamrudisha nyuma kidogo kidogo, mpaka mgongo wa Panzi ukaelekea mlango wa Malkia ulio wazi. Mkewe akalipitisha shuka nyuma ya tairi la spea, akamkabidhi mama ncha zote mbili.

"Mama," Seremala aliita kutoka dirishani, bila kugeuza shingo, maana hata kumtazama mama mkwe katika hali ile si adabu, "mimi sitakushika. Wala mwanyumba hatakushika. Panzi ndiye atakayekuvuta, na Panzi hajaoa kwako. Shikilia shuka, kanyaga chini kwa nguvu, mengine niachie."

"Hilo gari si linaruka?" aliuliza Mwalimu Mkuu, akiwa tayari ameshika.

Na hilo, jamani, ndilo lilikuwa balaa lenyewe. Klachi ya Panzi ikiachiwa kwa pupa, mama wa watu angetoka kwa Malkia akipaa, na jicho, na heshima, na chumba cha nyuma, vyote vingekwisha siku hiyo hiyo. Seremala akavua kiatu apate kuisikia klachi kwa unyayo. Akaingiza gia nzito kuliko zote, ile ya kupandia majabali. Akafumba macho, akaanza kunyanyua mguu taratibu kama mama anayemlaza mtoto kitandani.

Panzi akatetemeka. Panzi akataka kuruka; Seremala aliusikia mruko ukija, kutoka kwenye injini mpaka unyayoni. "Leo hapana," alimnong'oneza. "Ruka kesho, ruka maisha yako yote, lakini leo hapana, ndugu yangu."

Magurudumu manne yakajivuta kiasi cha upana wa kiganja. Shuka likakaza. Ndara za mama zikajikita ardhini. Kiganja kingine, na kiti cha ngozi kikaanza kulia. Kingine tena, na Mwalimu Mkuu akaanza kuchomoza, kwanza kilemba, kisha mabega, kisha ile sehemu yenye kuamua, polepole, wima, uso umetulia, hadi akasimama kwa miguu yake miwili juu ya ardhi, hakuna mkwe aliyemgusa hata ukucha.

Vigelegele vilipasua anga. Jirani wa kushoto alipanda juu ya kiti chake. Daktari, na hili lazima nimpe haki yake, ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Mama akajikung'uta, akakunja shuka lile pande nne kama desturi yake, ndipo akasema, "Daktari, kuingia tisa, kutoka sifuri. Gari linalompokea mtu lisimwachie, hilo ni mtego. Silitaki." Akamgeukia Panzi. "Na wewe unajua kutoa watu. Lakini kwako naingiaje?"

Seremala alikwisha kuruka chini. "Nitachonga ngazi nyingine, mama! Pana zaidi, na mhimili wa kushika, mbao ngumu, bila vanishi—"

"Mbao, mbao, mbao!" Mkewe alipaza sauti kutoka barazani, na watu wakashtuka, kwa sababu alikuwa mtu mpole. "Mume wangu, kila shida kwako ni ya mbao! Hilo gari si linapanda milima? Basi lilete hapa! Baraza hili ni mlima gani wa kulishinda? Na letu nyumbani, na lile la kliniki, kimo ni hiki hiki!"

Seremala akaliangalia baraza. Sakafu yake ilikuwa usawa wa sakafu ya Panzi, sawasawa, kana kwamba zilipimwa pamoja. Kati yao palikuwa na tuta la maua ya mama na ukingo wa mawe tu. Siku zile zote za kupasua na kupiga randa, jibu lilikuwa limekaa pale likimsubiri, na yeye alipita juu yake akienda kupima kidato cha jikoni.

"Maua yatachipua," alisema Mwalimu Mkuu kabla hajaulizwa. "Panda."

Panzi akapanda. Gurudumu moja likashika ukingo wa mawe, la pili likazama kwenye udongo likajitoa, akainama, akanguruma, akavuka tuta akajiegesha ubavuni mwa baraza kama mashua gatini. Mke wa Seremala akafungua mlango. Mama akatembea barazani kwake hatua za kawaida za mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni, akaingia, akakaa. Kisha akatoka. Kisha akaingia tena, na safari ile ya pili, nawaambieni, haikuwa ya mtihani; ilikuwa ya raha tu. Kutoka kule juu aliona uani kote, akaona mpaka kwa jirani wa kulia.

"Kumbe nguo zako zote zimekauka," alimwambia.

"Mama, maksi," alisema binti mdogo. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Tisa."

"Mama jamani, ungempa kumi!"

"Mtu akipata kumi haendelei kusoma," alisema Mwalimu Mkuu, akivuta mkanda. "Nenda kanichukulie sanduku langu. Leo nalala kwenu."

Binti akaingia ndani mbio, akatoka na sanduku, akarudi kuchukua dawa, akarudi tena kuchukua kitu ambacho mwenyewe alisahau ni kipi, akalia waziwazi bila kusingizia vumbi. Dada mtu akamkumbatia akamwambia, "Nenda naye, mdogo wangu. Lakini jiandae, anaamka alfajiri."

Ndipo msafara ukaondoka. Panzi alitangulia, mwendo wa mtu anayebeba mayai, mama ameketi juu akipungia watu mkono. Nyuma yake alifuata Malkia, gari lenye mbio kuliko yote mtaani, akiwa na mito ya mama kwenye kiti cha ngozi. Njia ilikuwa nyeupe, lakini Daktari alikaa kwenye gia ya kwanza mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa mkwe halipiti gari alilopanda mama mkwe wake. Wenye maduka walitoka wakasimama kama kawaida yao, ila safari hii hawakujua wamtazame nani kwanza.

Basi wenye kuandika tarehe za ushindi mkubwa na waandike na huu, karibu na juu, mahali unaposomeka. Waandike kwamba tangu magurudumu yaanze kuzunguka duniani, watu wamebishana ni lipi bora, la mbio au la milima, na kwamba ubishi ule ulimalizwa uani kwa Mwalimu Mkuu kwa shuka moja na unyayo mtupu wa Seremala.

Na mchana ule, baada ya chakula, mke wa Seremala alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kidole mdomoni, akamwashiria mumewe aje. Akaja akinyata, vumbi la mbao bado likiwa nyweleni. Ndani, mapazia yamefungwa, mama mkwe alikuwa amelala chali kwenye kitanda chao, akikoroma kwa sauti iliyotikisa kioo cha dirisha.

"Unasikia?" alinong'ona mkewe, akimshika mkono.

Seremala alisikia. Wakabaki pale mlangoni wakisikiliza.